Mkono hauumwi, kinachoumwa ni ubongo: tuelewane kuhusu kiharusi

Kila ikitoka habari kwamba mtu fulani maarufu ameanguka ghafla na amekimbizwa hospitali kwa kiharusi, simu zinaanza kujaa meseji, mmoja anasema moyo ulisimama, mwingine anasema presha ilimpanda, mwingine anatuma ile ya kwamba alianza kujimwagia maji kichwani badala ya miguuni, alafu anakuja wa mwisho na ushauri wa kumtoboa mgonjwa vidole kwa sindano damu itoke. Wote wana nia njema kabisa, ila wanaongelea vitu vinne tofauti na hamna hata kimoja ambacho ni kiharusi chenyewe. Na hii sio shida ya maneno tu, maana ukikosea ugonjwa uko wapi utakosea na cha kufanya, na kwa kiharusi muda uliopotea kwa kufanya kisichohitajika haurudi.

Naandika nikimkumbuka mjomba wangu. Asubuhi moja alitoka chumbani, ndala ya kushoto imebaki mlangoni, mguu uko peku na yeye hana habari. Tukamwambia mjomba umeacha ndala, akaangalia chini, akasema mbona nimeivaa. Akanyanyua kikombe cha maji kwa mkono wa kushoto kikamponyoka, akakiokota, kikamponyoka tena. Sisi tukaona basi mkono umekufa ganzi, labda ameulalia vibaya, tukakaa pale tunauchua, tunaukunja na kuukunjua, mke wake akamwambia lala kidogo upumzike, utaamka uko sawa. Akalala. Tulipokuja kumwamsha mchana upande wote wa kushoto ulikuwa hausogei.

Ule mkono tuliouchua karibu saa nzima haukuwa na tatizo lolote. Misuli mizima, mifupa mizima, damu ya mkononi inatembea vizuri tu. Kilichokuwa kinakufa, tena dakika ile ile tunayochua, kilikuwa ndani ya kichwa, upande wa kulia. Ukilielewa hilo moja tu, kwamba kiharusi kinatokea kwenye ubongo, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Tuanze na neno lenyewe. Kiharusi ni pale ambapo sehemu ya ubongo inakosa damu ghafla, ama kwa sababu mshipa unaopeleka damu umeziba, ama kwa sababu mshipa umepasuka. Basi. Shambulio la moyo ni kitu kingine, hapo ni mshipa unaolisha msuli wa moyo ndio umeziba, na mtu kwa kawaida anashika kifua, sio mdomo kwenda upande. Presha nayo sio kiharusi, presha ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa, ikiwa juu miaka mingi inaichosha mishipa mpaka ije izibe au ipasuke, yaani presha ni njia na kiharusi ni mahali njia ilipokufikisha. Kupooza nako ni dalili, kama homa ilivyo dalili, kuna watu wanapata kiharusi na hawapoozi kabisa, wanapoteza uwezo wa kuona upande mmoja tu au wanashindwa kuongea huku mikono na miguu iko sawa.

Na tusijilaumu sana kwa kuchanganya, hata wataalamu walichelewa. Shirika la Afya Duniani lina kitabu kikubwa cha kuyapanga magonjwa yote, na kwa miaka mingi kiharusi kilikuwa kimewekwa kwenye fungu la magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, ni toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi mwaka 2022, ndilo lililokihamishia kwenye magonjwa ya mfumo wa neva, huko ubongo uliko.

Sasa kwanini ubongo ukikosa damu kidogo tu inakuwa balaa, wakati mguu unaweza ukaukalia ukafa ganzi nusu saa alafu ukainuka ukatembea? Ni kwa sababu ubongo hauna akiba. Una uzito wa kama kilo moja na nusu hivi, yaani asilimia 2 tu ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote unayovuta, na hauna ghala la kuweka oksijeni wala sukari ya kesho, unakula kinacholetwa sasa hivi. Damu ikikatika kichwa kizima mtu anazimia ndani ya sekunde kama 10. Kwenye kiharusi inakatika sehemu tu, ndio maana mgonjwa anaweza akawa macho, anakuangalia, anajibu, na watu wakadhani hali sio mbaya. Lakini kuna hesabu iliyopigwa mwaka 2006 ambayo mimi tangu niisome haijanitoka, kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba na usifunguliwe, kila dakika moja zinakufa seli za ubongo kama milioni 1.9. Dakika moja. Sisi tulichua mkono karibu saa nzima.

Chukulia taa ya chumbani imezima. Unaweza ukaifungua ile balbu, ukaifuta vumbi, ukairudisha, ukaitikisa, lakini kama waya umeungulia kule kwenye swichi kuu, balbu utaitikisa mpaka kesho. Mkono ni balbu. Mdomo ni balbu. Swichi na nyaya ziko kichwani. Na nyaya hizi zinapishana, za upande wa kulia wa ubongo zinaenda kuendesha mkono na mguu wa kushoto, na za kushoto zinaendesha upande wa kulia, kwahiyo ukiona mtu amelegea kushoto jua tatizo liko kulia kichwani. Ukichua, ukipaka dawa, ukifunga kitambaa cha moto, unafuta vumbi balbu.

Alafu kila mtaa wa ubongo una kazi yake, ndio maana viharusi viwili havifanani. Lugha kwa watu wengi sana inakaa upande wa kushoto. Mwaka 1861 daktari mmoja Mfaransa, Paul Broca, alikuwa na mgonjwa ambaye alikuwa anaelewa anachoambiwa lakini kutoka mdomoni mwake lilikuwa linatoka neno moja tu, "tan", ukimuuliza chochote anajibu tan, mpaka pale hospitali wakawa wanamuita hivyo hivyo. Alipofariki Broca akauangalia ubongo wake akakuta sehemu ya mbele upande wa kushoto imeharibika, na mpaka leo eneo lile linaitwa kwa jina la Broca. Hali hiyo ya kupoteza lugha inaitwa afasia, na inaumiza sana kuishuhudia, kwa sababu wengi wanamfanya mgonjwa kama mtu aliyepungukiwa akili, wanamwongelea mbele yake kama hayupo, kumbe akili iko, anajua anachotaka kusema, maneno ndio hayaji. Kuna ya aina nyingine, mtu anaongea sana na kwa ufasaha ila maneno hayana maana na yeye haelewi unachosema, watu wakimsikia wanasema amechanganyikiwa au amerukwa na akili, wanampeleka kusiko.

Na upande wa kulia ukiumia kuna kitu cha ajabu zaidi, ndicho kilichompata mjomba. Ubongo unaacha kuujali upande wa kushoto wa dunia. Sio kwamba macho hayaoni, macho yanaona, ila ubongo hauhesabu kama kuna kitu upande ule. Mtu anakula nusu ya sahani ya kulia anasema chakula kimeisha, ananyoa ndevu nusu ya uso, anavaa mkono mmoja wa shati. Mjomba aliposema ndala nimeivaa hakuwa anatania wala hakuwa anabisha, kwake yeye mguu ule haukuwa na habari yoyote ya kuleta. Na hapa kuna hatari ambayo watu hawaijui, mgonjwa kama huyu mara nyingi atakwambia mimi siumwi, niacheni, niko sawa kabisa, na atakwambia kwa uhakika kiasi cha kukufanya uamini. Usimsikilize yeye, angalia mwili wake.

Tuje kwenye zile aina mbili, kwa sababu hapa ndipo matibabu yanapogawanyika. Fikiria bomba la maji linalolisha bustani. Linaweza kuziba, bustani ikakauka, au linaweza kupasuka, maji yakafurika upande mmoja na huku mbele bustani ikakauka vile vile. Kiharusi cha kuziba ndicho kinachotokea mara nyingi zaidi, bonge la damu iliyoganda linakwama kwenye mshipa, ama limetengenezwa pale pale palipokuwa na uchafu wa mafuta ukutani, ama limesafiri kutoka mbali, kwa mfano kwenye moyo. Cha kupasuka ni kichache kuliko hicho ila ni kikali, damu inamwagika ndani ya ubongo na kuukandamiza, na kuna kile ambacho mshipa uliovimba kama puto kwenye uso wa ubongo unapasuka, huyo anakwambia kichwa kimempiga ghafla vibaya kuliko siku zote za maisha yake.

Sasa shida ni kwamba ukiwa umesimama pale sebuleni unamuangalia mgonjwa, hizi mbili zinafanana. Mdomo umeenda upande kwa huyu na kwa yule, mkono umelegea kwa huyu na kwa yule. Hata daktari mzoefu hawezi kuapa kwa macho tu, ni mpaka apige picha ya kichwa ya CT skani, ambayo damu iliyomwagika inaonekana nyeupe pale pale. Na dawa za hizi mbili zinapingana! Aliyeziba anahitaji dawa ya kuyeyusha bonge, aliyepasuka ukimpa hiyo dawa umemwongezea mafuriko. Ndio maana ule ushauri unaozunguka wa kumpa mtu aspirini haraka haraka mara tu mdomo ukipinda ni wa hatari, aspirini inafanya damu isigande vizuri, kwa aliyeziba itamsaidia lakini atapewa hospitali baada ya picha, kwa aliyepasuka inaweza kumzidishia kuvuja, na wewe nyumbani huna namna ya kujua huyu ni yupi. Pia koo linaweza kuwa limepooza bila mtu kujua, kwahiyo kidonge, maji, chai, asali, chochote unachompa kinaweza kikaingia kwenye mapafu. Usimpe kitu mdomoni. Chochote.

Na vidonge vya presha je, maana hiki ndicho wengi wanakimbilia, wakimpima wanaona 190 wanasema tumeona ugonjwa, ishushwe. Hapa naomba twende taratibu. Presha mara nyingi inapanda kwa sababu kiharusi kimeshatokea, ubongo unaona damu haifiki unausukuma mwili uongeze nguvu ili ile kidogo inayopenya ipenye. Kwa aliyeziba, ukiishusha kwa kishindo unaweza ukazikausha na zile seli zilizokuwa zinajikongoja. Kwa aliyepasuka madaktari wanaishusha mapema, ila kwa mahesabu na kwa dawa ya mshipani huku wanaangalia mashine. Kwahiyo namba unayoiona kwenye kipimo cha nyumbani siku hiyo isikufanye uwe daktari, iandike, nenda nayo.

Nimesema seli zinazojikongoja, hapa kuna jambo zuri ambalo linafaa lijulikane zaidi kuliko lile la kutisha. Mshipa ukiziba, katikati ya eneo lile seli zinakufa mapema, lakini pembeni yake kuna eneo kubwa ambalo linapata damu kidogo kupitia vichochoro vya mishipa midogo ya jirani, seli za huko zimezima, hazifanyi kazi, lakini hazijafa. Ni kama shamba lililoanza kunyauka, majani yamelala chini ila ukifungulia maji jioni hii kesho yanasimama. Mgonjwa unayemuona mkono umelala kabisa, sehemu ya huo ulegevu ni seli zilizokufa na sehemu nyingine ni seli zinazosubiri maji. Mbio zote za hospitali ni kwa ajili ya hizo zinazosubiri.

Mwaka 1995 ndipo utafiti ulionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha bonge inayoitwa alteplase, ikichomwa ndani ya saa 3 tangu dalili zianze, watu wengi zaidi wanapona bila ulemavu au na ulemavu mdogo, mwaka uliofuata Marekani ikaruhusu itumike kwa kiharusi, na 2008 ikaonekana inaweza kusogezwa mpaka saa 4 na nusu. Ina hatari yake, kwenye ule utafiti wa kwanza kama watu 6 katika kila 100 walivuja damu kichwani na hali ikawa mbaya, ndio maana wanachuja sana nani apewe na hawampi mtu aliyechelewa. Alafu 2015 zikatoka tafiti kadhaa kwa mpigo zikathibitisha njia nyingine, daktari anaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani au mkononi, anaupandisha mpaka kichwani, analikamata bonge analivuta nje. Hii ni kwa mishipa mikubwa tu, na kwa baadhi ya wagonjwa ambao picha inaonyesha bado wana eneo kubwa la kuokoa inawezekana mpaka saa 24. Sio kila hospitali inayo, lakini ukijua ipo utauliza.

Saa zinahesabiwa kuanzia wapi? Hili ndilo swali la kwanza tuliloulizwa kuhusu mjomba, mlimuona mzima mara ya mwisho saa ngapi. Tukabaki kuangaliana. Mmoja anasema asubuhi alipotoka chumbani, mwingine anasema hapana wakati ule ndala ilikuwa tayari imemtoka, basi tukarudi nyuma mpaka usiku alipoenda kulala anaongea vizuri, na kwa mahesabu hayo, ukijumlisha na usingizi wa mchana tuliomshauri sisi wenyewe, muda wa dawa ulikuwa umepita kitambo. Yaani mtu akiamka na dalili, saa haihesabiwi kuanzia alipoamka, inahesabiwa kuanzia alipoonekana mzima mara ya mwisho, isipokuwa hospitali ikiwa na picha maalum za kukadiria. Kwahiyo ukiona dalili angalia saa, iandike hata mkononi kwa kalamu. Na lile neno "lala kidogo utaamka uko sawa", tunalisema kwa upendo wote, nami nilikuwepo na nikaitikia kwa kichwa, ila kwa mtu mwenye dalili za kiharusi sijui neno lingine linaloharibu zaidi.

Dalili zenyewe ni rahisi kukumbuka, mimi nazipanga hivi: uso, mkono, maneno, muda. Mwambie atabasamu uone kama upande mmoja unabaki nyuma. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele afumbe macho, uone kama mmoja unashuka taratibu wenyewe. Mwambie arudie sentensi fupi usikie kama anakokota ulimi au anakosea maneno. Moja tu ikikataa, ni muda wa hospitali, sio muda wa kupiga simu kwa ndugu kumi kuuliza maoni. Ongeza kuona giza ghafla jicho moja au upande mmoja, kuona vitu viwili viwili, kuyumba kama amelewa na hajanywa, na kile kichwa cha ghafla nilichokisema. Neno la kushika ni ghafla.

Kuna ugonjwa mwingine unaopindisha mdomo ambao sio kiharusi, ni neva ya uso kuvimba na kupooza, na huo mara nyingi unapona baada ya wiki au miezi. Tofauti moja ambayo madaktari wanaiangalia ni paji la uso, kwenye neva ya uso mtu anashindwa hata kukunja paji na kufunga jicho upande ule, kwenye kiharusi paji kwa kawaida linakunjika kwa sababu linapata nyaya kutoka pande zote mbili za ubongo. Nimelitaja ili ujue kwanini jirani yako "alipona kiharusi" kwa wiki tatu bila dawa, sio ili ukae nyumbani umpime mtu paji. Sukari ikishuka sana nayo inaweza kuiga kiharusi kabisa, ndio maana hospitali wanatoboa kidole kupima sukari mapema, na hiyo ndiyo sindano pekee ya kidole yenye kazi hapa.

Maana ile nyingine, ya kutoboa vidole vyote kumi na masikio mpaka damu itone, haina kazi. Damu iliyoganda iko ndani ya fuvu, matone ya kidoleni hayaifikii kwa njia yoyote, na wakati unatafuta sindano na kuichoma moto, zidisha milioni 1.9 kwa dakika. Ya kuoga nayo, kwamba ukianza kichwani mishipa inapasuka, sikatai kwamba watu wanakutwa bafuni wameanguka, wanakutwa kweli, ila viharusi vinatokea zaidi masaa ya asubuhi, na asubuhi ndio watu wako bafuni, sakafu imelowa, mguu ukilegea unaanguka na mlango umefungwa. Kiharusi hakisubiri uamue kuanza na kichwa au miguu.

Kuna moja linaloniuma zaidi, lile la "kimepita, namshukuru Mungu". Mtu mkono umelegea dakika kumi, mdomo umepinda, alafu vyote vikarudi kawaida, kila mtu anapumua. Hiki ni kiharusi cha kupita, bonge lilikwama likaachia lenyewe. Seli zimenusurika, ndio, lakini kiwanda kinachotengeneza mabonge bado kiko wazi, na hatari ya kupata kikubwa iko juu kabisa ndani ya siku mbili za mwanzo. Huyu anatakiwa aende hospitali siku hiyo hiyo, akiwa anatembea kwa miguu yake na anacheka, kwa sababu huyu ndiye ambaye bado anaweza kukingwa kwa vidonge tu.

Na sio ugonjwa wa wazee peke yao. Uzee unaongeza hatari, hilo kweli, ila mtoto mwenye sikoseli anaweza kupata kiharusi, bila kinga karibu mmoja katika kila kumi alikuwa anakipata kabla ya kufika miaka 20, na kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachowekwa pembeni ya kichwa, hakiumi, kinaonyesha yupi yuko hatarini, na tangu 1998 inajulikana kwamba kumuongezea damu kwa mpangilio kunapunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa sana. Mjamzito na mama aliyejifungua karibuni nao wako kwenye hatari kuliko wanawake wengine wa umri wao, kwahiyo kichwa kinachomuuma vibaya mama wa wiki mbili kisiitwe uchovu.

Kwa watu wazima wengi mzizi ni presha, na presha haina dalili, mtu anaweza kutembea na 170 miaka kumi hana hata kichwa kuuma, alafu anasema nitaijua ikipanda. Huwezi kuijua, inapimwa. Kuanzia 140 kwa 90, ikijirudia kwa siku tofauti, inahitaji kufanyiwa kazi, na dawa zake ni za kila siku kwa sababu zinafanya kazi siku ulizomeza tu, kuziacha kwa kuwa namba imekuwa nzuri ni sawa na kukunja mwavuli kwenye mvua kwa sababu hulowi. Sukari, sigara, pombe nyingi, kukaa tu bila kutembea, mafuta mabaya kwenye damu, vyote vimo. Kuna utafiti mkubwa wa nchi 32 uliotoka 2016 ukaonyesha sababu kumi tu ambazo zinaweza kubadilishwa zinabeba karibu asilimia 90 ya viharusi vyote. Na usisahau moyo, kuna hali ambayo moyo unapiga ovyo bila mpangilio, damu inatuama ndani yake inaganda, bonge linarushwa juu, hatari ya kiharusi inakuwa kama mara tano, na inatibika kwa dawa za kuzuia damu kuganda. Mapigo ya kifundo cha mkono yakiwa yanaruka ruka, kapimwe.

Wakishatoka hospitali ndipo watu wengi wanakata tamaa, wanasema seli ya ubongo ikifa imekufa, basi tena. Seli iliyokufa haifufuki, kweli, lakini ubongo unaweza kuhamisha kazi. Barabara kuu ikikatika magari hayaachi kwenda, yanaanza kupita mchepuko, mwanzoni kwa shida, vumbi, mashimo, lakini kadri yanavyopita ndivyo njia inavyokuwa njia. Kinachoichonga hiyo njia ni kurudia, tena kurudia kitendo halisi, kushika kikombe mara mia, sio mtu mwingine kukukunjia mkono wakati wewe unaangalia pembeni. Kasi ni kubwa zaidi miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo, kwahiyo kumuweka mgonjwa kitandani "apate nguvu kwanza" ni kumpotezea msimu, ingawa hata baada ya mwaka watu bado wanapiga hatua. Na karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi wanaingia kwenye sonona, wanakataa mazoezi, wanalia, wanageukia ukutani, familia inasema amekuwa mkaidi. Hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa na ina tiba yake, mwambieni daktari.

Mjomba alifundishwa na mtu wa mazoezi ya viungo jambo ambalo lilitushangaza, tuwe tunakaa upande wake wa kushoto tunapoongea naye, simu yake iwekwe kushoto, kikombe kushoto, ili ubongo ulazimike kuutafuta ule upande uliosahaulika. Miezi miwili alikuwa anatujibu huku anaangalia ukuta wa kulia. Sasa hivi anageuka. Asubuhi anakaa kitandani anafunga vifungo vya shati mwenyewe, mkono wa kushoto unashika kitambaa tu na wa kulia unasukuma kifungo, vifungo saba, dakika kumi na moja, nimempimia kwa saa, na hataki mtu amguse mpaka amalize. Alafu anainama, anaangalia miguu yote miwili, anahesabu ndala kwa sauti: moja, mbili.